Paswadi Mpya ya Mzee Ndolo

NDOLO: Haloo! Nani huyo? Ongea kwa nguvu, niko barabarani.

NTHOKI: Baba, ni mimi.

NDOLO: Mimi ni wengi. Mimi yupi?

NTHOKI: Nthoki! Binti yako. Kwani hujaona jina?

NDOLO: Miwani sina, nimeiacha hapo juu ya runinga. Habari ya nyumbani, mama? Umekula?

NTHOKI: Nzuri, nitakula baadaye. Baba, waifai imenikataa.

NDOLO: Imekukataa vipi?

NTHOKI: Inasema paswadi si sahihi. Umebadilisha tena?

NDOLO: Asubuhi. Ulikuwa bafuni.

NTHOKI: Aki Baba! Mara ya nne mwezi huu.

NDOLO: Ya tano. Ya Jumapili hukuwepo.

NTHOKI: Basi nipe hiyo ya tano, haraka. Mahojiano yangu ni saa nane na saa hizi ni saa saba na dakika arobaini.

NDOLO: Mahojiano gani?

NTHOKI: Ya kazi! Ile ya maabara ya maziwa. Nilikuambia juzi, nikakuambia jana ukitazama wale mbuzi wako wa video za simu. Watu watatu wananihoji kwa video. Miaka mitatu nazunguka na vyeti, Baba, leo ndio mara ya kwanza mtu ananiambia anataka kuniona uso.

NDOLO: Na umevaa nini?

NTHOKI: Koti la Mama la kanisa.

NDOLO: Vizuri. Na chini?

NTHOKI: Leso. Chini hawaoni. Baba, paswadi!

NDOLO: [kimya]

NTHOKI: Haloo? Haloo, Baba? Network imeenda?

NDOLO: Niko hapa. Sasa... kwani huna bando?

NTHOKI: Ninalo, lakini unajua hii nyumba. Hata kukupigia nimesimama kwa sinki ya jikoni, kichwa kiko nje ya dirisha kama kuku wa gunia. Nikirudi ndani hata mita moja, data inakufa.

NDOLO: Toka nje basi na hiyo laptopu.

NTHOKI: Laptopu ni ya rafiki yangu Nasambu, betri yake ilikufa zamani, haiwaki bila kuchomekwa kwa ukuta. Na saa kumi anaitaka. Baba, ni kwa nini hutaki kunipa?

NDOLO: Nani amesema sitaki? Nitakupa. Nitakupa jioni.

NTHOKI: Jioni!

NDOLO: Hawa watu wa maziwa hawawezi kungoja mpaka jioni? Maziwa yenyewe yanakaa mpaka—

NTHOKI: Baba, umeniblok? Ni mimi sasa unafukuza? Mimi najua ulianza na ile runinga ya jirani Jumbe, ukasema huyo mtu na familia yake wanakunywa waifai yetu kama—

NDOLO: Nthoki.

NTHOKI: —kama ng'ombe waliotoka ukame, ukaenda ukatengenezewa ile keji ya chuma ya kufungia ruta—

NDOLO: Nthoki! Nyamaza kwanza. Niko na Jumbe.

NTHOKI: Uko na Jumbe wapi?

NDOLO: Kwa gari yake. Leo si Alhamisi? Ananipeleka kliniki ya goti. Tuko hapa Spine Road, foleni haisongi. Na simu iko kwa spika.

NTHOKI: ...Kwa spika.

NDOLO: Ile ya sikio si iliharibika ilipoanguka kwa karai? Nisipoweka spika sisikii kitu.

NTHOKI: Kwa hivyo ananisikia.

NDOLO: Anakusikia vizuri sana.

NTHOKI: [anakohoa] Shikamoo, Baba Ummulkheir!

NDOLO: Amekuinulia mkono. Anaendesha.

NTHOKI: Amekasirika?

NDOLO: Anaangalia mbele.

NTHOKI: Baba, hiyo tutaomba msamaha baadaye. Paswadi ni nini?

NDOLO: Ndiyo hiyo nakuambia. Niko na Jumbe.

NTHOKI: Nimesikia, uko na Jumbe. Unaogopa akiisikia ataingia? Si utabadilisha tena jioni? Wewe hiyo ndiyo raha yako!

NDOLO: Si mambo ya kuingia.

NTHOKI: Basi ni mambo ya nini?

NDOLO: Ni... maneno yake. Hiyo paswadi. Maneno yake hayatamkiki.

NTHOKI: Nitumie meseji.

NDOLO: Bila miwani? Hapa naona kidole changu kama mhogo.

NTHOKI: Sema kwa Kikamba basi!

NDOLO: Huyu aliuza viatu Machakos miaka tisa. Kikamba chake kinashinda chako. Ona, hata sasa anatabasamu.

NTHOKI: Basi nafungua keji, niibonyeze ruta kwa pini irudi mwanzo.

NDOLO: Kwa ufunguo gani? Ninao hapa shingoni. Miaka thelathini na moja nimelinda geti la kiwanda cha sabuni huko Baba Dogo, mama, mtu hakupita bila pasi, hata mkurugenzi nilimrudisha siku moja. Unafikiri nitafunga geti halafu niache ufunguo kwa kikombe?

NTHOKI: Sawa, afande. Mimi ni mfanyakazi halali, niko getini, nimechelewa. Nifungulie!

NDOLO: Ngoja. Nitakuelekeza, ujaze mwenyewe. Usitamke.

NTHOKI: Haya. Nimeshika kalamu.

NDOLO: Ni maneno mawili na namba. Neno la kwanza ni jina la mtu.

NTHOKI: Mama?

NDOLO: Siyo.

NTHOKI: Mimi?

NDOLO: Wewe nani angekuweka kwa paswadi? Ni mtu wa karibu.

NTHOKI: Shangazi?

NDOLO: Karibu zaidi.

NTHOKI: Karibu zaidi ya shangazi ni nani? Pasta?

NDOLO: Karibu ya... mahali. Nikinyoosha mkono hivi, namgusa bega.

NTHOKI: Uuuwi.

NDOLO: Ehe. Umempata.

NTHOKI: Baba.

NDOLO: Andika tu, herufi ya kwanza kubwa. Twende la pili.

NTHOKI: Naogopa la pili.

NDOLO: La pili ni mdudu.

NTHOKI: Baba!

NDOLO: Dakika ngapi zimebaki?

NTHOKI: Kumi na mbili. Mdudu gani?

NDOLO: Wa ng'ombe. Anakaa kwa ng'ombe.

NTHOKI: Nzi?

NDOLO: Nzi anaruka. Huyu haruki. Huyu akifika amefika.

NTHOKI: Kiroboto?

NDOLO: Wa mbwa huyo. Wa ng'ombe nimesema! Anajishikilia hapa chini ya sikio, ananyonya, ananyonya, anafura kama maharagwe.

NTHOKI: Mimi nimezaliwa Kayole, Baba, ng'ombe nimemwona akiwa kilo! Kunguni?

NDOLO: Kunguni ni wa kitanda! Nilikupeleka shule ya nini?

NTHOKI: Nilisoma maziwa, sikusoma wadudu! Ni chawa?

NDOLO: Ai! Nthoki! Wale wa kijivu! Wale bibi yako alikuwa anawatoa kwa mafuta ya taa tukienda kijijini Mwala, ukalia ukasema—

NTHOKI: Aaah! Kupe! JumbeKupe!

NDOLO: Ai, Nthoki.

NTHOKI: Baba, nimetamka?

NDOLO: Umetamka.

NTHOKI: Kwa nguvu?

NDOLO: Hata yule anauza ndizi hapo nje amegeuka.

NTHOKI: Aki nisamehe. Anafanya nini?

NDOLO: Ametoa gari barabarani. Amesimama kando. [mlio wa breki ya mkono] Amezima.

NTHOKI: Amesema nini?

NDOLO: Hajasema. Ameshuka.

NTHOKI: Ameenda wapi?

NDOLO: Nyuma ya gari, simwoni. Shingo haigeuki. Mama, nikiachwa hapa na hili goti, mimi nitafika nyumbani wiki ijayo.

NTHOKI: Ungefikiria hilo asubuhi. Ni Alhamisi ngapi sasa anakupeleka?

NDOLO: Tangu Machi.

NTHOKI: Tangu Machi. Na hata nauli ya siku moja hajakuomba. Anafunga duka lake, anakubeba, anakungoja, anakurudisha, anakushika mkono kwa ngazi. Halafu kupe ni yeye?

NDOLO: Nimesikia. Hiyo ni spika, inasikika.

NTHOKI: Alikukosea nini kweli?

NDOLO: Nilimpa paswadi mimi mwenyewe, Ummulkheir akiwa na mtihani. Mwezi mmoja, nikasema. Mtihani ukaisha, mtoto akapita, wakaendelea. Siku naangalia kwa simu ile orodha ya vinavyotumia waifai, naona runinga. Runinga, Nthoki! Runinga ilikuwa inafanya mtihani gani? Na wangu mbuzi wanakwama, mbuzi anafungua mdomo, dakika tano hajalia.

NTHOKI: Si ungemwambia?

NDOLO: Nimwambie kwa mdomo gani na amenishika mkono kwa ngazi?

NTHOKI: [anapumua] Haya. Namba ni gani?

NDOLO: Thelathini na moja. Miaka ya geti.

NTHOKI: J kubwa na K kubwa?

NDOLO: Zote mbili.

NTHOKI: Usikate. [hatua, mlango, kimya kirefu] ...Imekataa.

NDOLO: Haiwezi.

NTHOKI: Imekataa, Baba! JumbeKupe, tatu, moja. Si sahihi.

NDOLO: Umeacha nafasi katikati?

NTHOKI: Sijaacha. Ulitaka niache?

NDOLO: Usiache. Jaribu tena. Labda umebonyeza vibaya, una hasira.

NTHOKI: Nimejaribu mara tatu! Zimebaki dakika sita. Baba, fikiria. Kuna kitu umesahau.

NDOLO: Sijasahau. Nilikaa hapo kwa kiti changu, nikaandika J, nikaandika u... nikamaliza, nikaona ni nzuri, nikatabasamu. Hakuna kingine.

NTHOKI: Baba, mimi nitalia, na huu wanja wa macho ni wa Nasambu pia.

NDOLO: Usilie. Ngoja, mlango unafunguka. Jumbe anarudi. Jumbe, ndugu yangu, hebu... keti kwanza, keti, mimi naweza kueleza—

JUMBE: Mwambie aweke alama ya mshangao.

NDOLO: Nini?

JUMBE: Mwishoni, baada ya moja. Nthoki, mwanangu, wanisikia? Weka alama ya mshangao.

NTHOKI: Ya... Asante, Baba Ummulkheir! Ngojeni! [hatua za mbio] ...Imeshika! Imeshika, Baba! Naona skrini kutoka hapa sinkini: jina langu, imeandikwa nisubiri niruhusiwe kuingia!

NDOLO: Jumbe. Wewe hiyo alama umeijuaje?

JUMBE: Mzee wangu, wewe uandikapo hutamka. Herufi moja moja, kama mwalimu wa chekechea. Na dirisha lako liko juu ya dirisha la jikoni kwangu. Asubuhi mke wangu Muhiba alikuwa akisukuma mahamri, akaziandika zote kwa kidole, juu ya unga.

NDOLO: Zote?

JUMBE: Hii ya leo na zile nne. Ile ya "JumbeNunuaYako" aliipenda sana. Aliniita nije nitazame.

NTHOKI: Uuuwi, Baba!

NDOLO: Kwa hivyo mko ndani.

JUMBE: Tumo.

NDOLO: Tangu lini?

JUMBE: Leo? Tangu saa mbili kasorobo.

NDOLO: Nthoki, umesikia? Umesikia kwa masikio yako? Basi nilisema kweli! Mlikuwa mnanilaumu bure, mtu ni kupe halisi, amekiri mwenyewe—

JUMBE: Nakiri, mzee wangu. Lakini angalia nani kashika usukani.

NTHOKI: [anacheka]

NDOLO: Sasa, wewe ulishuka kufanya nini?

JUMBE: Kucheka. Siwezi kucheka na kuendesha, macho yangu hujifumba.

NTHOKI: Ngojeni, ngojeni, wamenifungulia. Ninaingia. Baba, kwaheri, niombee—

NDOLO: Nenda, mama, kaa wima, usi—

NTHOKI: Hapana. Hapana, hapana. Baba! Usikate!

NDOLO: Nini tena?

NTHOKI: Picha imekwama. Naona mama mmoja, mdomo uko wazi, hausongi. Sasa inazunguka tu ile duara. Dakika tatu, Baba! Ni nani anakula hii waifai? Mama yuko sokoni Gikomba, mimi niko peke yangu hapa!

NDOLO: Jumbe.

JUMBE: Mmh.

NDOLO: Nyumbani kwako kuna nani hewani?

JUMBE: Muhiba.

NDOLO: Anafanya nini?

JUMBE: Mpwa wake anaoa leo, Malindi. Harusi inarushwa moja kwa moja. Ameiweka kwa runinga kubwa, na majirani wa ghorofa ya pili wamekuja.

NDOLO: Ghorofa ya pili pia! Mwambie azime!

JUMBE: Mimi nimwambie Muhiba azime harusi ya mpwa wake? Mimi nataka kula leo. Shika simu yangu, nimempigia, zungumza naye wewe.

NTHOKI: Baba, tafadhali! Haraka!

NDOLO: Mimi nimwombe? Nimwombe waifai yangu? Ile iko kwa keji yangu, ufunguo uko kwa shingo ya— Haloo? Bi Muhiba? Ehe, habari za saa hizi. Ni mimi, Ndolo. Ndolo wa juu. Ehe... ndiyo, huyo wa dirisha.

NTHOKI: Dakika mbili!

NDOLO: Bi Muhiba, samahani, ninyi nyumbani ni wazima? Alhamdulillahi, na sisi pia. Sasa, nina... nina ombi. Binti yangu yuko kwa mahojiano ya kazi, na ile waifai... Ehe. Ehe, hiyo hiyo. Najua imeandikwa hivyo. Najua. Hapana, si kwa ubaya, ni... ni kwa ubaya kidogo. Naomba radhi.

NTHOKI: Baba, umesema nini?

NDOLO: Nyamaza, naongea. Naomba radhi, Bi Muhiba. Nilikosea. Naomba uzime runinga nusu saa, mtoto apite... Bwana harusi amefika? Ameshuka gari? Loo. Mpwa wako wa kwanza. Uliyemlea wewe?

NTHOKI: [anaomba kwa sauti ya chini]

NDOLO: Hapana, sikulazimishi. Siwezi. Wewe ndiye uliye ndani, mimi ndiye niko nje. Nakuomba tu kama jirani. Miaka mitatu mtoto huyu anatoka asubuhi na bahasha, anarudi jioni na bahasha. Mimi namwona kwa dirisha akipanda ngazi, najua kwa miguu yake tu kwamba hawakumchukua. Humuulizi. Unajifanya unatazama mbuzi. ...Haloo? Bi Muhiba?

NTHOKI: Baba...

NDOLO: Amenyamaza. Nasikia vigelegele huko. Nasikia... sasa sisikii. Jumbe, imekatika?

JUMBE: Haijakatika. Amezima.

NTHOKI: Imesonga! Yule mama amefunga mdomo! Naona wote, watatu, mmoja anakunywa chai! Mwambie asante! Mwambie Mungu ambariki na mpwa wake na watoto wa mpwa wake!

NDOLO: Bi Muhiba, amepita. Amepita, asante sana. Unalia? Ai, usilie. Si wanarekodi? Basi sikiza, saa tisa binti akimaliza njoo juu kwangu, nyinyi wote, na hao wa ghorofa ya pili. Ruta iko hapo hapo sebuleni, huko juu harusi haitakwama hata kidogo. Tutairudisha mwanzo, tumwone akishuka gari.

NTHOKI: Baba, wananiita jina. Nakata.

NDOLO: Kata, mama, kata, Mungu akutangulie! ...Hapana, Bi Muhiba, si wewe! Wewe usikate! Nilikuwa nauliza, watu ni wangapi, nijue viti vya—

[simu inakatika]